Zamu ya Nyumba ya Tisa

"Usinitolee macho, Siwema. Nimeuliza swali, nijibu. Taa ya yule bwana ina nini hata isizimwe? Imewekwa wakfu?"

"Tausi, shusha sauti. Mkwe anasikia."

"Asikie! Si ndiyo kazi yake? Tangu yule bwana ahamie nyumba ya tisa hajakaa giza hata mara moja, na sisi wengine tunapokezana giza kama upele. Asikie na hilo."

Siwema alifuta mikono yenye mafuta kwenye kanga na kuketi kwenye benchi la mtaa, ambalo lilikuwa kipande cha panga la feni kuukuu ya kufua umeme, kilichoshushwa kutoka mlimani. Asubuhi ilikuwa bado changa na tayari watu walikuwa wameshatoka na vikombe vyao vya chai. Mtaa wa Mashudu ulikuwa hivyo. Ugomvi ukianza, anayeukosa ni mgonjwa au msafiri.

"Mara ya mwisho upepo uliposhuka," Tausi aliendelea, sasa akiwageukia watazamaji, "zamu ilikuwa ya nani? Ya tisa. Kukazimwa kwa nani? Kwa huyu hapa. Nikajisemea labda nimehesabu vibaya, mimi shule niliikimbia. Kumbe sikukosea. Mshika zamu wetu kambebea mtu giza lake kama anambebea mtoto!"

"Na akaja kulia kwangu," alidakia Mpondo, fundi wa kuchomelea wa nyumba inayotazamana na ya Siwema. "Kala siku mbili mfululizo mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeoa."

Watu walicheka. Siwema naye alicheka, maana kicheko humpa mtu nafasi ya kutafuta uongo mzuri. Hakuupata.

"Nilikuwa sina kazi siku ile," alisema. "Kinu kilikuwa hakina alizeti. Nikaona nimpokee jirani zamu yake. Kuna ubaya?"

"Ubaya upo, shoga yangu." Sauti ya Tausi ilishuka, na hapo ndipo Siwema alipoogopa, kwa sababu Tausi akipiga kelele ana hasira tu, lakini akishusha sauti ameumia. "Sisi tuna utaratibu. Aliyezimwa hapiki, analishwa na nyumba ya mkabala. Wewe ukizimwa una Mpondo. Mimi nikizimwa, mkabala wangu nani? Si huyo wa tisa? Ameshawahi kunifungulia mlango? Hata kunipa uji?"

"Mimi si huwa nakuletea sahani?"

"Unaniletea. Sahani ya kuletewa na kukaribishwa ndani ni kitu kimoja?"

Tausi alizoa kanga yake akarudi kwake, nyumba ya kumi, kuyatazama mayai kwenye mashine yake ya vifaranga.

*

Mkwe lilikuwa sanduku la kijivu juu ya nguzo, katikati ya mtaa, mita ya umeme ya nyumba zote. Kampuni ililipa jina refu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu walilibatiza Mkwe kwa sababu mbele yake huropoki. Lilisikia kila kilichosemwa mtaani, mchana na usiku, na kilichosemwa kikawa ndiyo kauli ya mtaa. Fundi mmoja wa mwisho wa barabara aliwahi kulalamika kwa sauti kwamba friji yake imekufa, na jioni ile ile fungu lake la umeme likapunguzwa. Ndani ya nyumba halikusikia. Sheria ya jimbo ilikataza hilo, na jimbo lilijivunia sana sheria hiyo.

Jimbo la Mgongoni lilikuwa na kampuni tatu za umeme, na watu waliziita kwa majina ya jikoni. Birika ilichota mvuke wa ardhini kule kusini kwenye milima ya moto; umeme wake haukatiki wala haukamatiki kwa bei. Kikaango ilitandaza vioo kwenye ziwa la chumvi lililokauka. Ililiwasha jimbo mchana na kuliacha gizani jua likizama. Na Feni ilikuwa na mapanga yake mlimani, juu ya mji wa Kinampembe, ikiuza umeme rahisi kuliko wote, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe lilikuwa zamu. Upepo ukishuka, kila mtaa uliojiunga na bei ya jirani, kama Feni ilivyoiita bei yake nafuu, unatoa nyumba moja izimwe mpaka upepo urudi. Nyumba moja tu. Lakini mji mzima, kila mtaa na nyumba yake moja, Feni inakuwa imezima mamia ya nyumba bila mtu yeyote kuona mji umezimwa. Nyumba zilizobaki zinapata kila moja fungu lake kutoka akiba ya Feni, na halipiti kipimo. Betri za ndani zilikatazwa. Feni ilisema mwenye betri hazimwi, anajifanya tu kazimwa. Mtaa ulichagua mtu wake wa kutaja nyumba, na Mtaa wa Mashudu ulimchagua Siwema mkamua mafuta, kwa sababu alijua kila mtu anapika nini, nani kagombana na nani, na mashine gani inawashwa saa ngapi. Anayetaka kutangaza jambo bila gharama alimwambia Siwema kwamba ni siri.

Ndiyo maana jambo la Bwana Ntandu wa nyumba ya tisa lilikuwa limemkaa tumboni kama maharage mabichi. Lilikuwa siri ya kwanza maishani mwake kuvuka machweo ya siku moja.

Alipofika kinuni alimkuta mwenyewe amesimama nyuma ya magunia ya mashudu, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa fundi saa. Watu walimpelekea dirishani saa za babu zao, wakazichukua dirishani. Mlango hakufungua.

"Nimesikia," alisema Ntandu. "Nilikuwa dirishani."

"Mtaa mzima umesikia. Keti."

"Upepo unakufa, Bi Siwema. Tazama mlimani."

Siwema hakuhitaji kutazama. Tangu alfajiri alikuwa anayasikia mapanga yakivuta pumzi ndefu ndefu, kama mzee anayepanda ngazi.

"Leo nitapokea zamu yangu," alisema Ntandu. "Nimechoka kukuona unakula kwa watu kwa ajili yangu."

"Chaji yako inafika wapi?"

"Magharibi. Nikilala chini nisifanye kazi, labda isha."

"Na upepo ukirudi kesho kutwa? Ukija kulala na waya wako kwangu, watu wanaingia bila hodi."

Ntandu alitazama magunia.

Siwema alilijua jambo lake kwa bahati mbaya, kama ajuavyo mtu mwili wa jirani kwa kufungua mlango usiobishwa hodi. Ntandu alikuja kununua mafuta siku moja ya jua kali, akaanguka hapo hapo sakafuni. Siwema alimfungua vifungo ampepee, akakuta mkanda kifuani, na waya unaotoka chini ya mbavu, na kijitaa cha njano. Moyo wa Ntandu haukuwa unapiga wenyewe. Pampu ndogo ilikuwa inausukuma. Siwema alimburuta mpaka kwenye soketi ya kinu, na alipozinduka, neno lake la kwanza halikuwa ahsante. Aliuliza: "Sasa utaniambia nihame lini?"

Maana sheria nyingine ya jimbo, nzuri kuliko zote ikisomwa, ilisema mtaa wenye mgonjwa wa mashine hauzimwi kabisa. Feni haiwezi kuahidi hivyo. Upepo hauna mkataba. Kwa hiyo siku mtaa utakapomtaja mgonjwa mbele ya Mkwe, siku hiyo hiyo mtaa wote unahamishiwa Birika, kila nyumba, kwa bei ya Birika. Bei ile kinu cha Siwema kisingeiweza mwezi mmoja. Mashine ya vifaranga ya Tausi isingeiweza wiki.

Ntandu alishayaona hayo katika mtaa aliotoka. Hawakumfukuza. "Wangenifukuza ningegombana nao," alimwambia Siwema siku ile. "Walikuja wazee watatu na kina mama wawili, na sukari, na paja la mbuzi. Wakaketi. Wakanipa pole. Wakaniomba, kwa adabu kabisa, nifikirie watoto wa mtaa. Kuna hosteli ya wagonjwa wa mashine huko karibu na Birika, wakasema, safi, ina bustani. Nikaenda kuitazama. Watu wamepangwa kando ya ukuta wenye soketi. Hakuna anayegombana na mtu." Alifunga kifungo cha shingoni. "Nikaja kwenu kwa sababu nilisikia mna kelele."

Sasa, nyuma ya magunia, Siwema alimwambia, "Ngoja niwaambie watu wawili watatu. Tausi, Mpondo. Nitawaita ndani ya kinu, Mkwe asisikie."

"Ukiwaambia watakuja na sukari."

"Tausi hana sukari ya kumpa mtu."

"Bi Siwema." Hakucheka. "Uliniapia."

Alikuwa ameapa, kweli. Na asijidanganye: siri ya Ntandu ilikilinda kinu chake pia. Kila alipojisifu moyoni kwamba amemfichia jirani, sauti nyingine ilimkumbusha kwamba amejifichia mwenyewe bei ya jirani.

"Nenda kalale," alisema. "Usifanye kazi. Tutaona upepo."

*

Upepo ulikata alasiri. Kule mlimani mapanga yalisimama moja moja, na vumbi lililokuwa linazunguka barabarani likatua mahali pake. Pete ya taa kwenye Mkwe ikawaka kijani.

"Majirani wa Mtaa wa Mashudu, habari za alasiri," ilisema sauti ya Mkwe, ya upole, si ya kike wala ya kiume. "Upepo umeshuka. Utabiri ni siku mbili hadi tatu. Ninaomba nyumba moja."

Watu walitoka. Mpondo alikuja na miwani yake ya kuchomelea kipajini. Tausi alisimama mlangoni kwake amekunja mikono, akatazama mlango wa tisa uliofungwa, kisha akamtazama Siwema, na ikawa kama amesema.

Pete ile ilikuwa inageuka polepole, kijani ikielekea nyekundu. Ikifika nyekundu bila jibu, Mkwe linachagua lenyewe. Siwema aliwahi kuliuliza linachaguaje, na Mkwe halikumficha: "Ninachagua nyumba ambayo ikizimwa malalamiko yatakuwa machache." Alilielewa. Nyumba isiyo na mgeni wala mpiga kelele, isiyo na mtu wa kusema mbona. Akinyamaza, ni ya tisa. Akifuata foleni, ni ya tisa.

"Zamu bado ni ya tisa, kupokewa si kufutiwa," alisema Mpondo. "Taja, dada, nina geti la watu nusu limeungwa."

"Nani ataipokea?" Siwema aliuliza. "Ya kwangu imetoka juzi gizani, Mkwe hatakubali. Nani atapokea ya tisa, kwa hiari?"

Mzee mmoja alikohoa.

"Mimi ningepokea ya mtu anayenisalimia," alisema Mpondo, na hakuwa anatania.

"Mpondo, nakuomba."

"Kwa sababu gani? Nipe sababu, nitaipokea sasa hivi. Sababu moja tu."

Siwema alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, jepesi, limekaa juu ya ulimi kama mbegu ya alizeti. Juu yake, Mkwe lilikuwa linasikiliza. Akaufunga. Waliomjua tangu utoto waliangaliana. Siwema hakuwahi kuonekana akifunga mdomo wenye kitu ndani.

"Sina," alisema.

Pete ilikuwa imefika njano.

Mshika zamu aliruhusiwa kuruka nyumba moja kwa kila ukosefu wa upepo, na Mkwe halikumuuliza kwa nini. Kuulizwa na majirani lilikuwa shauri lake. Ukiruka ya tisa, inayofuata ni ya kumi. Na ndani ya nyumba ya kumi, mayai yaliyoatamiwa wiki tatu na mashine ya Tausi yalikuwa yameanza kudonolewa kutoka ndani tangu alfajiri. Siwema alijua. Nani asiyejua? Tausi alimwonyesha kila mpita njia yai la kwanza lenye ufa.

Vifaranga, alijiambia. Vifaranga na mtu. Mizani hiyo haikuwa ngumu hata kidogo. Kilichokuwa kigumu ni kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaiona, na Tausi angeona upande mmoja tu.

"Mkwe," alisema. "Naruka ya tisa. Zima ya kumi."

"Nyumba ya kumi. Ahsante kwa ujirani."

Taa ya mlangoni kwa Tausi ilizimika. Feni ya dari ndani ilizunguka mara chache bila moyo, ikasimama.

Halafu Tausi alisema, kwa sauti ile ya chini, "Leo? Unanizima leo? Wanatoka leo, Siwema."

"Najua."

"Umeketi kwangu asubuhi ya jana ukaliweka yai sikioni ukasikia kifaranga analia ndani. Ukacheka. Halafu leo unanizima."

"Najua, Tausi."

"Basi kama unajua, wewe si mshika zamu. Wewe ni..." Alilitafuta neno, na mtaa mzima ukamsubiri, lakini neno halikuja. Yalikuja machozi, na hilo liliwatisha watu kuliko tusi lolote.

Siwema aligeuka akaitazama nguzo. "Mkwe. Mashine ya vifaranga inakula kiasi gani?"

"Robo tatu ya fungu la nyumba moja."

"Nyumba ipi fungu lake lina nafasi hiyo?"

"Nyumba ya tisa. Matumizi ya nyumba ya tisa hayafiki robo. Nyumba nyingine zote zimejaa."

"Yaani hata umeme wenyewe hautumii!" Tausi alipiga kelele, na afadhali alipiga. "Hautumii, hazimwi, hafungui! Huyu ni mtu au ni kufuli?"

"Mashine ihamie kwake," alisema Siwema.

"Kwa yule?" alisema Mpondo. "Mimi nimempelekea saa ya marehemu baba, nikaipokea kwa dirisha kama mfungwa."

"Wewe leta mkokoteni wako. Tausi, mayai yafunike kwa kanga, yote uliyo nayo, na blanketi juu. Ndani ya mashine joto litakaa kitambo. Yakipoa nitabeba lawama yake mbele ya watu hawa hawa."

Tausi alijifuta uso. Alitaka kuendelea kugombana, ilionekana. Lakini kutoka ndani ya nyumba yake yenye giza zilisikika sauti nyembamba, nyingi, za viumbe wanaogonga ukuta, akageuka akakimbilia ndani.

*

Siwema alibisha hodi mara ya kwanza. Alibisha ya pili. Akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, na akazungumza chini kama anayesali, mgongo ameupa nguzo.

"Bwana Ntandu. Ni mimi."

"Nimesikia." Alikuwa karibu sana, upande wa pili wa mbao. "Umemzima yule mama."

"Nimemzima."

"Hukutakiwa."

"Basi nimeshafanya. Vifaranga wake wanatoka leo. Fungu lako lina nafasi, la kwako peke yako. Nimekuja kukuomba."

Nyuma ya mlango Siwema alisikia saa, nyingi, kila moja na mwendo wake, hakuna mbili zilizokubaliana.

"Wamekuja wote?" aliuliza Ntandu.

"Wote. Unajua mtaa huu."

"Nilijua siku moja mtakuja kuniomba."

"Mimi sikuja kukuomba uhame. Nimekuja kukuomba nafasi ya mashine."

"Akiingia ataniona. Ninachaji sasa hivi, waya uko ukutani. Siwezi kuuchomoa, nilichelewa kuuchomeka na chaji iko chini."

"Ataona, ndiyo."

"Na mdomo wake?"

Siwema alifikiri kumdanganya, akaona aibu. "Mdomo wake ni mkubwa kuliko wangu. Siwezi kukuahidi kitu kwa niaba yake. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tukiwa wasichana, nikagombana naye kila wiki, na sijui atafanya nini."

"Nikikataa?"

"Ukikataa nitawaambia umekataa. Vifaranga watakufa, Tausi hatanisemesha mpaka nizikwe, na wewe utabaki na umeme wako. Ile siri sitaitoa. Hilo ndilo nililoapa, na hilo nalitimiza."

Nyuma yake magurudumu ya mkokoteni yalikwaruza barabara. Mpondo na wanaume wawili walikuwa wanaisukuma mashine, sanduku kubwa kama kabati lililovikwa kanga za kila rangi, na Tausi alitembea kando yake ameweka kiganja juu ya blanketi, kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali. Walivuka mfereji. Wakasimama.

"Kasemaje?" aliuliza Tausi.

"Hajasema."

"Joto linashuka." Tausi hakuwa anamwambia Siwema tena, aliuambia mlango. "Bwana wa tisa! Sikufahamu, hunifahamu. Mimi huwa sibembelezi wanaume, waulize hawa. Lakini hawa ndani hawana kosa na mtu. Hawajamsengenya mtu bado."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia.

Komeo lilivutwa.

Mlango ulifunguka polepole, kwa sababu haukuzoea, bawaba zikalia. Bwana Ntandu alisimama kizingitini na shati lake, na kutoka chini ya pindo la shati waya mweusi uliteremka, ukavuka sakafu, ukapanda ukutani mpaka kwenye soketi. Kifuani, kupitia kitambaa, kijitaa kilikuwa kinapepesa kijani. Nyuma yake, kwenye kuta zote, saa. Na juu ya jiko dogo, sufuria yenye mfuniko uliokuwa unarukaruka.

Tausi alimwona. Macho yake yaliufuata waya mpaka mwisho, yakarudi mpaka mwanzo. Wote mtaani walijua mashine ile ni nini. Wote walijua ile hosteli yenye bustani. Siwema aliona mdomo wa Tausi ukifunguka, mdomo uliowahi kutangaza mimba kabla ya mwenye mimba kujua, akamwona akiinua kichwa kuitazama nguzo, na pete yake ya taa, na lile sanduku la kijivu linalosikia.

Mpondo alivua miwani kipajini akaishika mkononi.

"Kumbe," alisema Tausi.

Alivuta pumzi puani, ndefu.

"Kumbe unapika!" alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa barabara. "Siku zote hizo mimi nalishwa sahani za Siwema zisizo na chumvi, kumbe mkabala wangu ananukisha hivi! Umepika nini?"

Ntandu alishika kizingiti.

"Ugali wa uwele," alisema. "Na mlenda."

"Na nini tena?"

"Maziwa ya mgando."

"Si kuku?"

"Si kuku, mama. Ningekuwekeaje kuku leo?"

Mpondo aliinamisha kichwa akausukuma mkokoteni mpaka mlangoni, taratibu, asiukanyage waya. Siwema alikuwa ameketi kwenye ngazi bila kujua ameketi lini. Ntandu alijibanza pembeni kuipisha mashine iingie, akaivuta kanga moja iliyokuwa inaburuta chini akaipandisha juu ya blanketi. Kisha aliwatazama waliokuwa nje, na hakujua aseme kipi kwanza, kama mtu aliyesahau wimbo anaoujua.

"Aliyezimwa hapiki," alisema hatimaye. "Si ndivyo mnavyosema? Karibu ndani, mama. Bi Siwema, na wewe inuka hapo chini. Ingieni mnawe mikono, ugali unapoa."